David King Udall, mlowezi wa Kimormoni na mwanasiasa wa Arizona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Udall likitajwa Marekani, wengi humkumbuka Stewart Udall, waziri wa serikali za Kennedy na Johnson, au mdogo wake Morris, aliyewania urais mwaka 1976. Maswali haya yanamhusu babu yao, aliyekuwa askofu, mkulima, mfungwa, mkandarasi wa barua na mjumbe wa baraza la kutunga sheria. Kazi hizo ukizitazama moja moja hazina maajabu. Lakini kwenye mji mdogo wa mpakani, ambako maji ni haba na hati za ardhi zina utata, zilikuwa kazi moja tu. Ndiyo sababu maisha yake yanasomeka vizuri kama somo la siasa za mashinani.

David King Udall alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1851 huko St. Louis, Missouri. Wazazi wake, David Udall na Eliza King, walikuwa Waingereza waliojiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake huitwa Wamormoni, na mtoto huyo alizaliwa wakiwa njiani kuelekea Utah. Walifika mwaka uliofuata, akakulia Nephi, mji wa wakulima. Mwaka 1875 alioa, na mwaka huohuo akatumwa Uingereza kuhubiri, akamwacha mke nyumbani. Aliporudi alilima Kanab, kusini mwa Utah. Mwaka 1880 kanisa likamteua kuwa askofu wa St. Johns, Arizona, akiwa hajatimiza miaka 30. Huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki, na alifariki Februari 1938 akiwa na miaka 86.

Kwa nini Wamormoni walikwenda Arizona, nchi kavu kiasi kile?

Walipelekwa. Tangu walipofika bonde la Salt Lake mwaka 1847, kiongozi wa kanisa, Brigham Young, alikuwa akisambaza familia kwa utaratibu, kundi baada ya kundi, kushika kila bonde lenye kijito. Mtu alisomewa jina lake mkutanini, akauza alichoweza na kufunga mizigo. Kukataa wito wa namna hiyo kuliwezekana, ila jirani zako wangekutazama kwa jicho jingine.

Mwaka 1876 makundi manne, Lot Smith akiwa miongoni mwa viongozi wao, yalifika kwenye mto Little Colorado. Mji wa Snowflake ulianzishwa mwaka 1878, na jina lake limetokana na majina ya wanaume wawili, Erastus Snow na William Flake. Wageni wengi hudhani ni kwa sababu ya theluji.

Je, St. Johns ilikuwa ardhi tupu?

Hapana, na hapa ndipo simulizi nyingi za walowezi huruka hatua. Wazuni walikuwa na mahali patakatifu karibu na makutano ya mto wao na Little Colorado, na hija yao ya kila miaka minne hupita nchi hiyo mpaka leo. Bunge la Marekani lilitambua mahali hapo kisheria mwaka 1984. Waapache na Wanavajo walikuwepo. Familia za Wameksiko kutoka New Mexico zilikuwa tayari zimejenga, zinalima na kuchunga kondoo, na mji wenyewe zikiuita San Juan. Mfanyabiashara mkubwa alikuwa Solomon Barth, Myahudi aliyeshika sehemu kubwa ya haki za ardhi na maji ya hapo.

Mwishoni mwa 1879 Mmormoni Ammon Tenney alizinunua haki hizo kutoka kwa Barth kwa ng'ombe 770. Lakini ukinunua haki kwa mtu mmoja hujanunua ridhaa ya mji mzima. Wameksiko wengi waliona wameuziwa majirani bila kuulizwa, na wafanyabiashara waliozoea kuendesha ofisi za kaunti wakaona kundi la wapiga kura linaongezeka kila msafara wa magari ya kukokotwa unapowasili. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni 1882, risasi zilirushwa mjini kati ya vijana wachunga ng'ombe na Wameksiko. Nathan Tenney, baba yake Ammon, mzee aliyejitosa katikati kutafuta amani, aliuawa.

Askofu wa Kimormoni alifanya kazi gani hasa?

Ondoa kichwani picha ya askofu mwenye joho, fimbo na gari la jimbo. Askofu wa Kimormoni ni muumini wa kawaida anayeongoza kusanyiko la mtaa, hapati mshahara, na Jumatatu anarudi shambani kwake kama wenzake.

Huko St. Johns, askofu ndiye aliyegawa viwanja. Ndiye aliyepokea fungu la kumi, ambalo mara nyingi lilikuwa mayai, ngano, nyasi kavu au ndama, kwa hiyo alihitaji ghala na zizi pamoja na mtu wa kuhesabu. Ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa zamu ya maji saa nane za usiku, mtu akidai mwenzake amemfungia mfereji. Udall alisimamia pia duka la ushirika, akapanga nguvukazi ya kujenga bwawa, akapokea familia mpya zilizofika na watoto wagonjwa na magurudumu yaliyovunjika. Uchaguzi ukifika, watu waliomwamini kwenye maji na mbegu hawakuwa na sababu ya kutomsikiliza kwenye kura.

Wapinzani wao walilalamikia jambo hili hasa, na kwa haki yote walikuwa na hoja. Kundi linalopiga kura kwa pamoja chini ya mtu mmoja anayeshika pia maji linatisha popote lilipo. Tatizo ni kwamba lalamiko la siasa lilivishwa nguo ya maadili, na ikawa vita dhidi ya mitala.

Alikuwa na wake wangapi?

Wanaojulikana zaidi ni wawili, Ella na Ida. Baadaye alifungishwa ndoa pia na mjane, Mary Ann Linton Morgan, lakini maisha ya St. Johns yalijengwa na hao wa kwanza.

Ella, jina kamili Eliza Luella Stewart, alikuwa binti wa Levi Stewart, askofu wa Kanab. Mwaka 1871, akiwa bado msichana, alikaa kwenye chumba kidogo cha ngome ya Pipe Spring akipokea na kutuma telegramu, yaani ujumbe wa alama unaopita kwenye waya. Hukumbukwa kama mwendeshaji wa kwanza wa telegrafu katika Arizona. Mwaka mmoja kabla, moto uliozuka Kanab ulikuwa umewaua mke mmoja wa baba yake na watoto watano wa kiume wa familia hiyo.

Ida Hunt, aliyezaliwa 1858, alitoka ukoo wa wasafiri. Babu mzaa baba, Jefferson Hunt, alikuwa kapteni wa Kikosi cha Wamormoni katika vita vya Marekani na Meksiko, kisha mbunge wa California. Babu mzaa mama, Addison Pratt, alikuwa mmisionari katika visiwa vya Tahiti. Ida alifanya kazi kwenye duka la ushirika la St. Johns, na hapo ndipo Udall alipomfahamu.

Kabla ya kukubali kuolewa, Ida alimwandikia Ella barua, akimuuliza kama ameridhia na akisema wazi kwamba hataingia nyumba ile bila idhini yake. Jibu lilikawia wiki kadhaa. Lilipofika, Ella alikiri kwamba jambo lile linamuumiza, lakini hakulikataa. Mei 1882 walisafiri pamoja, mume, mke mkubwa na mke mdogo, na binti mchanga wa Ella aitwaye Pearl, kwa gari la kukokotwa kupitia jangwani hadi hekalu la St. George, Utah, kwenda kufunga ndoa hiyo. Msomaji wa kwetu anayezijua nyumba za mitala hahitaji kuelezwa kimya cha safari ile kilikuwaje.

Je, mitala ilikuwa halali wakati huo?

Hapana. Marekani ilikuwa imeipiga marufuku tangu 1862, ila sheria hiyo ilikuwa ngumu kutekelezwa kwa sababu ndoa za hekaluni hazikuwa na cheti cha serikali. Machi 1882, miezi miwili tu kabla ya harusi ya Ida, Bunge lilipitisha Sheria ya Edmunds. Sasa mwendesha mashtaka hakulazimika kuthibitisha ndoa: kuishi na wanawake wawili kulitosha kukufunga hadi miezi 6 na kukutoza faini ya hadi dola 300. Mwenye mitala alipoteza pia haki ya kupiga kura na kushika ofisi, na bila shaka hicho ndicho kifungu kilichowafurahisha wanasiasa wa kaunti kuliko vingine vyote.

Mwaka 1885 baraza la Arizona liliongeza kiapo cha wapiga kura kilicholenga kuwazuia Wamormoni. Kilifutwa mwaka 1887.

Kwa nini alifungwa? Ni kwa sababu ya mitala?

Wengi huandika hivyo, lakini sivyo. Alifungwa kwa kosa la kiapo cha uongo kuhusu shamba la mtu mwingine.

Mwaka 1884 gazeti moja la St. Johns, Apache Chief, lilikuwa likihimiza waziwazi bunduki na kamba zitumike dhidi ya Wamormoni. Mwaka huohuo mashtaka yalianza kumiminika mahakamani Prescott, mji mkuu wa Arizona wakati huo. Mwezi Desemba, Jaji Sumner Howard, yuleyule ambaye alipokuwa mwendesha mashtaka Utah alimtia hatiani Mmormoni John D. Lee kwa mauaji ya msafara wa wahamiaji huko Mountain Meadows, aliwahukumu wanaume watatu, Ammon Tenney akiwamo, kifungo cha miaka mitatu na nusu katika gereza la Detroit. Wengine wawili waliokiri kosa dogo, William Flake akiwa mmoja wao, walipewa miezi sita huko Yuma.

Kesi ya mitala ya Udall haikuenda popote, kwa sababu shahidi aliyehitajika, Ida, hakuonekana. Ndipo likafukuliwa faili la ardhi. Udall aliwahi kutia sahihi hati ya kiapo kumshuhudia jirani yake kwamba ameishi kwenye kiwanja alichokuwa akidai kwa serikali. Upande wa mashtaka ulisema ushahidi huo ni uongo. Agosti 1885 alitiwa hatiani, akapewa miaka mitatu, akapelekwa Detroit, upande wa pili wa nchi.

Desemba mwaka huohuo Rais Grover Cleveland alimpa msamaha kamili. Alirudi nyumbani baada ya miezi minne hivi.

Nionavyo mimi, walowezi wa mpakani, wawe Wamormoni au wengine, walishuhudiana makazi kwa ulegevu mkubwa, na kama kila aliyetia sahihi hati ya namna hiyo angefungwa, kaunti nzima ingebaki bila wakulima. Aliyechaguliwa kushtakiwa alikuwa askofu.

Jirani huyo alikuwa nani?

Miles Park Romney, mhariri wa gazeti la Wamormoni mjini hapo, Orion Era, na baba wa babu yake Mitt Romney, aliyewania urais mwaka 2012. Yeye alikimbilia Meksiko mwaka 1885. Ndiyo maana George Romney, baba yake Mitt na gavana wa Michigan, alizaliwa Meksiko mwaka 1907.

Ida alikuwa wapi muda wote huo?

Mafichoni Utah, sehemu kubwa akiwa Nephi kwa ndugu za mumewe. Alikaa huko zaidi ya miaka miwili, mara nyingine akitumia jina lisilo lake, akizunguka nyumba kwa nyumba ili maofisa wasimpate wakamlazimisha kutoa ushahidi. Binti yake wa kwanza, Pauline, alizaliwa humo mafichoni mwaka 1885, huku baba akingoja kesi Arizona. Ida aliandika shajara, na ni katika shajara hiyo tunamwona mwanamke aliyeamini ndoa yake kwa moyo wote na bado akahisi upweke wa kuwa mke asiyeweza kutajwa.

Mtoto wake wa pili, wa kiume, alizaliwa 1887. Walimpa jina la Grover Cleveland Udall.

Udall alishika wadhifa gani wa siasa?

Kwa karatasi, kidogo: mwaka 1899 alikuwa mjumbe wa Baraza, yaani chumba cha juu cha bunge la Arizona, akiwakilisha kaunti ya Apache kwa tiketi ya Republican. Arizona ilikuwa bado haijawa jimbo. Hilo lilikuja Februari 1912.

Kutoka jela Detroit hadi kiti cha bunge ni miaka kumi na minne. Kilichobadilika katikati ni tamko la mwaka 1890, pale rais wa kanisa Wilford Woodruff alipotangaza kusitisha ndoa mpya za mitala. Baada ya hapo vyama vyote viwili vilianza kuwabembeleza Wamormoni walewale waliokuwa wakifukuzwa. Familia yenyewe iligawanyika, huyu Republican, yule Democrat, na wapiga kura wa kaunti ya Apache walizoea kukuta Udall upande huu na Udall upande ule.

Ukiniuliza mimi, wadhifa wake mkubwa wa kisiasa haukuwa ule wa 1899. Kuanzia 1887 hadi 1922, miaka 35, alikuwa rais wa kigingi cha St. Johns, yaani kiongozi wa makusanyiko yote ya eneo hilo. Magavana walikuja wakaondoka, yeye yupo.

Kwa nini maji yanatajwa kila mara?

Kwa sababu bila bwawa hapakuwa na mji. St. Johns iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, mvua ni chache, na Little Colorado ni mto wenye tabia mbili: miezi mingi ni mkanda wa matope, kisha theluji ikiyeyuka au mvua ya kiangazi ikipiga, unashuka na magogo na kubeba kila kilichowekwa mbele yake. Walowezi wa bonde lile walijenga mabwawa ya udongo, miti na mawe, yakasombwa, wakajenga tena. Kila bwawa lililokwenda lilikwenda na mazao ya msimu mzima, na wanaume walirudi na majembe na magari ya farasi, wakilipwa kwa hisa za maji badala ya fedha.

Bwawa kubwa la Lyman, juu kidogo ya mji, lilipasuka Aprili 1915 na kuua watu wanane. Lilijengwa upya. Wanaohoji kwa nini watu hawa hawakuhama wanasahau kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuweka humo kila walichokuwa nacho, pamoja na madeni.

Je, alikuwa tajiri?

Hapana kabisa. Gharama za kesi, mabwawa na ununuzi wa ardhi vilimwacha na madeni ya miaka mingi. Ili kulipa, alichukua kandarasi za serikali za kusafirisha barua, kazi ya farasi na vijana wa familia kusafiri mchana na usiku kati ya vituo. Ida aliendesha kituo kimoja, akipika na kulisha wasafiri huku akilea wanawe sita. Afya yake ilivunjika, akafariki 1915. Nikiwekwa nichague nani kati ya watu hawa alilipa gharama kubwa kuliko wote, nitamtaja Ida bila kusita.

Alimaliza vipi uzee wake?

Hekalu la Mesa lilipofunguliwa Oktoba 1927, alikuwa rais wake wa kwanza, Ella akiwa naye, hadi 1934.

Wazao wake ni akina nani?

Orodha ni ndefu. Pearl, yule mtoto mchanga wa safari ya St. George, alisomea tiba. Levi Stewart Udall, mtoto wa Ella, alikuwa jaji mkuu wa Mahakama Kuu ya Arizona. Alipofariki 1960, nafasi yake mahakamani ilijazwa na Jesse Addison Udall, mtoto wa Ida. John Hunt Udall, wa Ida pia, alikuwa meya wa Phoenix. Tazama majina yao: Levi Stewart, Hunt, Addison. Kila mama aliwapa wanawe majina ya wazee wake.

Kwa Levi walizaliwa Stewart na Morris. Stewart alikuwa waziri wa mambo ya ndani kuanzia 1961 hadi 1969, wizara ambayo Marekani husimamia ardhi ya umma, mbuga na mabwawa, na akiwa waziri alikuja Afrika Mashariki na kupanda Mlima Kilimanjaro. Morris alikaa bungeni miaka 30. Watoto wao, Tom wa New Mexico na Mark wa Colorado, walichaguliwa kuwa maseneta siku moja Novemba 2008. Binamu yao wa upande wa Republican, Gordon Smith wa Oregon, alipoteza kiti chake katika uchaguzi huohuo.

Je, kanisa hili bado linaruhusu mitala?

Hapana. Leo muumini anayeoa mke wa pili huondolewa kanisani, na hilo linahusu pia makusanyiko ya Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, ambako lina hekalu Kinshasa tangu 2019. Kuna jambo jingine ambalo wasomaji Waafrika huuliza: hadi 1978 kanisa hili halikuwapa ukuhani wanaume weusi. Mmoja wa waumini waliolipinga hadharani kabla ya hapo ni Stewart Udall, kwa barua aliyoichapisha mwaka 1967 akiwa bado waziri, na wapo Wamormoni wenzake waliomkasirikia sana.

Nikitaka kuona mahali hapa leo, niende wapi?

St. Johns bado ni makao makuu ya kaunti ya Apache, na ziwa la bwawa la Lyman sasa ni hifadhi ya jimbo ambako watu huvua samaki. Pipe Spring, ambako Ella aliendesha telegrafu, ni eneo la kumbukumbu la taifa, karibu na mpaka wa Utah. Kati ya sehemu hizo mbili kuna korongo la mto Colorado, kwa hiyo panga siku zaidi ya moja, na usiende Januari bila gari la kuhimili theluji.